Hivi zile ndege ndogo za jeti zisizo na rubani wanazolengea makombora mazoezini, mbona wanaenda kuziokota baharini?

Mwalimu_wa_Kondoa

Habari za jioni wakuu. Mimi ni mwalimu wa fizikia wa sekondari huku Kondoa na nimekuja na swali ambalo sio langu, ni la kijana wa form three. Kaangalia video kwenye simu ya mjomba wake, akanisimulia, baadae nikaitafuta mwenyewe nikaiona. Kuna kandege ka rangi ya machungwa, hakana rubani, urefu kama bajaji mbili zikifuatana, kamelazwa kwenye reli iliyoinuliwa mbele, mara moshi mzito unatoka chini ya tumbo, kandege kanafyatuka kama jiwe la manati alafu injini ya jeti inakachukua kanapotelea baharini. Baada ya muda kombora linatoka kwenye meli, linapita, hakuna mlipuko wowote, ila watu wanapeana mikono. Kisha kandege kanazima injini, kanafungua parashuti, kanatua majini na boti inaenda kukavuta.

Sasa kijana anauliza, mwalimu, kama wamekosa mbona wanafurahi? Na kama kametengenezwa ili katunguliwe mbona wanakafuata? Na kwa nini kawe ka jeti, si wangerusha puto tu wakapiga? Nilimwambia nitamjibu Jumatatu maana sikutaka kubahatisha mbele ya mtoto anayefikiri vizuri namna ile. Naomba wajuzi mnieleweshe, na kama kuna kitu naweza kukifanya kwa vitendo darasani nitashukuru zaidi, maabara yetu haina vitu vingi.

fundi_rada

Shikamoo mwalimu. Mimi ni fundi wa rada za meli za kawaida, sio za jeshi, ila hizi droni za shabaha nimezifuatilia miaka mingi kwa sababu kanuni ni zile zile.

Mwambie kijana hawakukosa. Kombora la kutungulia ndege halihitaji kuigonga ndege yenyewe, lina kifaa kinachohisi kwamba shabaha iko karibu, hapo linajilipua na vipande ndio vinamaliza kazi. Kwenye mazoezi mara nyingi baruti inatolewa kichwani na mahali pake panawekwa mtambo wa kurusha vipimo kurudi chini, ndio maana hakuona mlipuko. Kwa hiyo mkubwa wa mazoezi haulizi "limegonga?", anauliza "limepita mita ngapi?" Likipita ndani ya umbali ambao lingeilipua ndege ya kweli hapo wanapeana mikono.

Sasa nani anapima hizo mita? Droni yenyewe. Ndani imefungwa kifaa cha kupima umbali wa kukosa, na kuna aina mbili kubwa. Kwa mizinga na risasi wanatumia maikrofoni, maana risasi inayokwenda kasi kuliko sauti inaburuta wimbi lake la mshindo na ikipita jirani maikrofoni inalisikia, mshindo ukiwa mkali risasi ilipita karibu. Kwa makombora wanatumia karada kadogo kanakosikiliza mabadiliko ya mawimbi, yaani Doppler ile ile unayowafundisha kwa mfano wa gari la wagonjwa, king'ora kinasikika juu likija na kinashuka likishapita. Namba zinatumwa chini kwa redio papo hapo.

Kwa nini wanaifuata? Kwa sababu ni ghali mwalimu. Ina injini ya jeti, otopailoti, GPS, redio, na vifaa vyote hivyo vya kupimia. Ikitua majini inaelea, boti inaivuta, inaoshwa kwa maji yasiyo na chumvi haraka sana maana chumvi ikikaa kwenye injini imekwisha, inakaushwa, inakaguliwa, inafungiwa parashuti nyingine na roketi nyingine ya kuirusha. Ule moshi alioona ni roketi ya sekunde chache za kwanza tu, inasukuma droni mpaka mabawa yashike hewa kisha inadondoka. Rangi ya machungwa nayo ni kwa ajili ya hao wa boti, kutafuta kitu cha rangi ya kijivu katikati ya mawimbi ni mateso.

Na kwa nini jeti. Kuna droni za shabaha za panga, yaani propela, mfano Banshee ya Waingereza ilianza miaka ya 1980 ikiwa na panga nyuma, nchi nyingi zimeinunua na ni nzuri kwa kufundishia. Ila ndege ya kivita au kombora la baharini linakuja na kilomita 800, 900 kwa saa, linaruka chini chini. Askari aliyezoea shabaha ya polepole amejifunza muda wa uongo, mkono wake na macho yake vimezoea kusubiri, na siku ya kweli hana hizo sekunde. Ndio maana hiyo hiyo Banshee baadae ikatengenezewa toleo la injini mbili ndogo za jeti. Jeshi la wanamaji la Marekani lina BQM-177A inayoruka karibu na kasi ya sauti mita chache tu juu ya maji, inaigiza makombora ya kupiga meli. Na wanayo nyingine inaitwa Coyote inazidi mara mbili ya kasi ya sauti, hiyo haina parashuti, ikienda imeenda.

Kitu cha mwisho na mimi ndio nakipenda kuliko vyote. Droni ya mita nne inaonekana kwenye rada kama kindege kidogo, sasa utaigizaje ndege kubwa? Wanaweka ndani ya pua au ubavuni mpira unaitwa lenzi ya Luneburg, umetengenezwa kwa tabaka tabaka, wimbi la rada likiingia linapindishwa taratibu linakusanyika nyuma ya mpira alafu linarudishwa kule kule lilikotoka. Umewahi kumulika tochi usiku ukaona macho ya paka yanawaka? Ni namna hiyo. Mpira unaoshika mkononi unaifanya droni ing'ae kwenye rada kama ndege ya rubani wawili.

Mzee_wa_Tandale

Fundi umeeleza vizuri ila mimi bado naona hela inachomwa. Nchi zenye shule zisizo na madawati nazo zinanunua hivi vitu. Si wangetumia kompyuta, wakaweka shabaha ya bandia kwenye skrini ya rada, askari akabonyeza, basi?

dada_Likoni

Mzee wangu nakuheshimu na hoja ya madawati naikubali kabisa, ila historia inaonyesha kwa nini walilazimika. Zamani ndege ya rubani ilikuwa inaburuta mfuko mrefu wa kitambaa kwa kamba, wapiga mizinga wanalenga mfuko, na rubani anaomba Mungu wasikosee wakalenga yeye. Na ndege inayoburuta inakwenda moja kwa moja, haipigi kona kali, haishuki kichwa chini. Kwa hiyo wakubwa wa majeshi ya majini waliamini kabisa kwamba mizinga yao inaweza kutungua ndege yoyote. Waingereza mwaka 1933 wakachukua ndege wakaifunga redio, inaitwa Fairey Queen, wakairusha bila mtu mbele ya meli zao kule Mediterania na meli zikafyatua muda mrefu ndege ipo tu hewani. Hebu fikiria aibu ile, lakini pia fikiria kama wangeijua kwenye vita.

Ndipo 1935 ikaja Queen Bee, yaani malkia wa nyuki, iliyotokana na ndege ya kujifunzia ya Tiger Moth, mwili wake wa mbao ili isigharimu sana na kama ikianguka majini ielee. Aliyekuwa anaiongoza ardhini alikuwa na kisanduku chenye kile kidude cha kuzungusha namba cha simu za zamani, unazungusha namba ndege inapinda, unazungusha nyingine inashuka. Zilitengenezwa zaidi ya 380. Na neno lenyewe droni, ambalo kwa Kiingereza ni nyuki dume, linahusishwa na huyo malkia, Wamarekani walipoanza za kwao wakaendeleza ukoo wa nyuki. Kwa hiyo droni zote mnazoziona leo harusini zinapiga picha, jina lao limetoka kwenye shabaha ya mizinga.

Za jeti zikaja baada ya vita kuu ya pili kwa sababu ndege zenyewe zilishakuwa za jeti. Marekani wakatoa Firebee, ikaruka mara ya kwanza 1951. Australia wakatoa Jindivik 1952 ikajaribiwa jangwani Woomera, jina ni la lugha ya wenyeji wa kule, maana yake anayewindwa. Na kabla ya Jindivik walitengeneza moja yenye rubani ndani ili kujaribu umbo lake, wakaiita Pika, hata mimi nilisoma mara mbili nikidhani ni kwetu jikoni kumbe nalo ni neno la wenyeji. Jindivik haikuwa na magurudumu, inapaa juu ya toroli inaliacha chini, ikirudi inatua kwa tumbo kwenye ubao wa kuteleza. Zilijengwa zaidi ya 500 na Waingereza walizirusha Llanbedr kule Wales mpaka miaka ya 2000.

Hiyo Firebee ndio ya kushangaza, walipoona inaruka mbali, inarudi, na hakuna mama atakayeletewa jeneza ikipotea, wakaitoa kwenye ushabaha wakaifunga kamera wakaipeleka Vietnam. Zilifanya safari zaidi ya 3,400 za upelelezi. Zikirudi helikopta inaidaka parashuti hewani kwa ndoano kabla haijagusa chini.

fundi_rada

Mzee wa Tandale, kompyuta wanatumia sana tu, tena mafunzo mengi ya kila siku ni ya kwenye skrini. Ila skrini haikupi mawimbi ya bahari yanayorudisha mwangwi wa rada, haikupi joto la injini linalovutia kombora, haikupi kebo iliyolegea ndani ya mtambo. Mimi kwenye rada za meli za mizigo nimeona mara nyingi, kwenye jaribio la ndani kila kitu kijani, mkitoka nje ya lango la bandari inakuonyesha visiwa ambavyo havipo.

Na ukitaka kujua hizi shabaha zinaigiza vizuri kiasi gani angalia 1991. Usiku wa kwanza wa vita ya Ghuba Wamarekani walirusha droni za shabaha aina ya BQM-74 kuelekea Baghdad. Wairaki wakaziona kwenye rada kama ndege za kivita zinakuja, wakawasha mitambo yao yote ya makombora kuzifuata. Mtambo ukiwasha rada unatangaza mahali ulipo, na nyuma ya droni kulikuwa na ndege za kweli zimebeba makombora yanayofuata mawimbi ya rada. Mtu aliyefundishwa miaka yote kazi yake anaifahamu alidanganywa na kitu cha mazoezi.

Rufiji_mpaka_Florida

Salaam ndugu zangu. Mimi sio mtaalamu, naishi Panama City, Florida, kazi yangu ni kutunza wazee majumbani, ila hizi ndege ni majirani zangu. Kambi ya jeshi la anga ya Tyndall iko hapa na barabara kuu namba 98 inakatiza katikati yake. Kuna siku unaenda kazini unakuta magari yamesimamishwa pande zote mbili, unauliza kuna ajali, unaambiwa droni inapaa. Hapo sio hizo ndogo, ni ndege kamili ya kivita haina mtu ndani. Zamani zilikuwa Phantom za enzi ya Vietnam, zikaisha kazi Desemba 2016, sasa ni F-16 zilizostaafu, wamezitoa kwenye jangwa la Arizona zilikokuwa zimeegeshwa wakazifunga mitambo ya kuongozwa kutoka chini. Ya kwanza kuruka bila mtu iliruka hapa hapa Septemba 2013. Wanafunga barabara kwa sababu ndege ya ukubwa ule ikikataa amri hakuna wa kuishika usukani, na ndani ina baruti ya kuilipua yenyewe ikitoroka.

Hizo ndogo za reli zipo pia, BQM-167, urefu kama mita 6, mwili wa kaboni, zinaweza kuruka futi 50 juu ya maji mpaka futi 50,000. Zinarushwa kuelekea Ghuba ya Meksiko na boti za jeshi zinatoka kuziokota kama alivyoona kijana wa mwalimu. Mimi nikiwa na mteja wangu mmoja, bibi wa miaka tisini, tulikuwa tunakaa barazani kwake tunaziangalia boti zinarudi, ananiambia hii leo wameipata, ile ya jana hawakuipata. Alikuwa anazihesabu. Kimbunga Michael kilipopiga Oktoba 2018 kambi iliharibika vibaya sana na baraza lile nalo likaondoka.

Mzee_wa_Tandale

Hapo kwenye kutoroka ndio nilikuwa nataka kufika. Zishawahi kutoroka?

dada_Likoni

Zishawahi mzee. Agosti 16, 1956 ndege ya shabaha aina ya Hellcat, hiyo ilikuwa ya panga sio jeti, ilirushwa kutoka Point Mugu, California, ikakataa amri ikageuka kuelekea Los Angeles. Jeshi la anga likatuma jeti mbili za Scorpion zikaitungue. Zikafyatua roketi 208 zote zikaisha na hakuna hata moja iliyoipata, roketi zikaangukia mashambani na karibu na mji wa Palmdale, moto ukawaka vichakani, nyumba na magari yakatobolewa. Ndege yenyewe ikaishiwa mafuta ikaanguka jangwani. Kwa rehema za Mungu hakufa mtu.

Na Novemba 2013, pwani hiyo hiyo ya California, meli ya kivita Chancellorsville ilikuwa inafanya mazoezi ya kufuatilia kwa rada, droni ya BQM-74 ikaja moja kwa moja haikupinda ikaigonga meli ubavuni. Mabaharia wawili waliungua kidogo.

Ila la kuumiza ni la Oktoba 4, 2001. Ukraine walikuwa mazoezini Crimea, wamerusha droni ya jeti kama shabaha baharini, kombora moja likaipiga. Kombora jingine kubwa zaidi la S-200 lilikuwa tayari hewani, likaendelea. Juu ya Bahari Nyeusi ilikuwa inapita ndege ya abiria ya shirika la Siberia imetoka Tel Aviv inaelekea Novosibirsk. Watu 78. Hakuna aliyepona. Mwanzo walikana, mwishowe Ukraine ikakubali kulipa familia. Mimi hili silisomi kama habari ya silaha, nasoma majina ya watu waliokuwa wanarudi nyumbani kutembelea wazazi.

Mwalimu_wa_Kondoa

Dada umenifanya nikae kimya kidogo. Hili la 2001 nitawaambia pia, sio la kuficha watoto. Ila fundi nisaidie, S-200 ilijuaje pa kwenda baada ya shabaha yake kupotea?

fundi_rada

Mwalimu, S-200 haina tochi yake yenyewe. Rada iliyoko chini ndio inamulika shabaha, na kombora linafuata mwangwi unaorudi kutoka kwenye kitu kinachomulikwa. Kombora halijui jina la kitu, linajua mwangwi tu. Shabaha ikishavunjika na taa ya chini bado inawaka, chochote kikubwa kilichoko kwenye mstari ule kinang'aa, na ndege ya abiria inang'aa kuliko droni hata yenye lenzi. Hilo kombora linafika zaidi ya kilomita 200, kwa hiyo eneo la bahari lililofungwa kwa ajili ya mazoezi lilikuwa dogo kuliko mkono wa silaha yenyewe. Hapo ndipo lawama ilipo kwa mtazamo wangu, droni ilifanya kazi yake.

Sasa la darasani. Tafuta bodaboda yenye honi ya mlio mmoja, sio ya muziki, na uwanja wa mpira, usifanyie barabarani. Weka simu mbili zinarekodi sauti, moja mita 2 kutoka njia ya boda na nyingine mita 20. Mwambie dereva aje kwa kilomita 60 kwa saa kama uwanja unaruhusu, ameibonyeza honi mfululizo bila kuachia, na asipunguze gesi akifika usawa wenu. Honi ya mitetemo 400 kwa sekunde mtaisikia kama 421 akija na kama 381 akiondoka.

Kisha wasikilize simu zote mbili. Ya mita 2 mlio utashuka ghafla, kama mtu kajikwaa. Ya mita 20 utashuka taratibu, unateremka. Boda ni ile ile, mwendo ule ule, tofauti ni umbali tu, na mtu aliyefumba macho anaweza kukuambia simu ipi ilikuwa karibu. Droni inafanya hesabu hiyo hiyo kwa kombora, ghafla kiasi gani mlio umeshuka ndio mita ngapi limepita. Kijana akishaisikia mwache ajaribu mwenyewe kukadiria simu ya tatu iliyofichwa, usimwambie umeiweka wapi.

Mwalimu_wa_Kondoa

Fundi Mungu akubariki. Boda ninaye, jirani yangu, na uwanja upo. Honi yake ni ya muziki ila amesema anaibadilisha Jumapili.